Mkono Niliounyoosha

Wahenga walisema: wengi wape. Katika miaka thelathini na tisa ya kushika chaki, methali hii nimeiandika ubaoni mara nyingi, na kila mara nimewaeleza wanafunzi kuwa maana yake ni kwamba mtu mwenye busara hashindani na umma. Aghalabu hutokea mtoto mmoja mtundu akaimalizia kwa sauti: usipowapa watachukua wenyewe! Darasa likacheka, nami nikacheka nalo. Sikuwahi kuiweka chaki chini nikawauliza: na hao wengi wakikosea je? Na yule mmoja aliyenyang'anywa, yeye hupewa nini?

Sasa nimestaafu, na mstaafu ana wasaa wa kujiuliza maswali aliyoyaruka zamani kwa sababu kengele ilikuwa karibu kulia. Katika kurasa hizi nataka kuzungumza juu ya rai isiyopendwa, yaani yale maoni ambayo mtu akiyatoa mbele ya wenzake, wote humgeukia na kumtazama kama aliyepiga chafya katikati ya dua. Sizungumzii siasa kubwa za mataifa. Nazungumzia mambo ya kila siku: nguo, nywele, wimbo, chakula, harusi na msiba. Nimeona maishani mwangu kuwa mtu hutofautiana na jirani zake juu ya kodi au bei ya pamba, na bado jioni wakaketi pamoja. Lakini akitofautiana nao juu ya urefu wa sketi, hana pa kuketi.

Kisa changu kilitokea mwaka 1968. Nilikuwa na umri wa miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha ualimu. Jina la chuo sitalitaja, kwa kuwa aibu ninayotaka kuieleza ni yangu, si ya chuo. Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza miaka miwili, na kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea tulikuwa tukikisoma kama wenye dini wasomavyo vitabu vyao. Asubuhi tulilima, mchana tulisoma saikolojia ya mtoto, jioni tuliimba. Kijana wa leo asidhani kwamba tulilazimishwa kuamini. Tuliamini kwa moyo mmoja, na tulikuwa na sababu. Baba zetu waliitwa "boi" hata walipokuwa na mvi. Mimi mwenyewe, nilipokuwa shule ya kati, nilivishwa kibao shingoni siku nzima kwa kosa la kusema lugha ya mama yangu uwanjani. Mtu aliyepitia hayo, akiambiwa kwamba sasa tunarudisha heshima ya mambo yetu, hasubiri kuelezwa mara mbili.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza katika hotuba yake kwamba anaunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kuwa katika maovu yote ya ukoloni hakuna lililozidi lile la kutufanya tuamini kwamba hatukuwa na utamaduni wowote wa kwetu. Lakini katika hotuba hiyohiyo alionya pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu. Maneno ya kwanza tuliyakariri chuoni, tukayaandika kwenye karatasi za manila na kuyabandika ukutani. Yale ya pili hayakupata karatasi.

Basi mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, dawa za kujichubua ngozi na suruali za kubana vingekuwa marufuku. Sababu iliyotolewa ni kwamba vitu hivyo vilikuwa vya kigeni na vilidhalilisha utamaduni wetu. Januari haikungojwa. Mwezi uleule wa Oktoba, katika mitaa ya Kariakoo mjini Dar es Salaam, magenge ya vijana yaliwavamia wanawake waliovaa nguo fupi au za kubana, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Magazetini zilifurika barua, nyingi za kuunga mkono. Chache ziliuliza kama hatuna matatizo makubwa zaidi ya sketi, na kwa nini suti ya mwanamume haihesabiwi kuwa ya kigeni. Wala hatukuwa peke yetu Afrika. Uganda ilipiga vimini marufuku mwaka 1972, na Malawi ikatunga sheria yake mwaka 1973, ikiwakataza wanawake hata suruali.

Chuoni kwetu tulikuwa na mjadala kila Jumamosi jioni, nami ndiye niliyekuwa katibu wa klabu ya mijadala. Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu katika daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo baada ya hapo liliwekwa maktaba. Jumamosi moja mada ikawa: Vimini vipigwe marufuku kwa kuwa si utamaduni wetu. Watoa hoja walijitokeza wengi mno. Wa kupinga hakupatikana, hata mwenyekiti akafikiria kubadili mada. Ndipo akasimama dada mmoja wa darasa letu. Hakuwa mvaa vimini. Alikuwa amevaa sketi ya kitambaa cha kaki iliyovuka magoti, na kichwani kitambaa cheupe. Nitamwita Mpinzani, maana ndivyo nilivyomwandika.

Alisema mambo matatu, na yote nayakumbuka. Kwanza alimgeukia mtoa hoja, ambaye alikuwa amevaa suruali ya tetroni, shati jeupe na tai aliyoazima kwa mwalimu, akamwuliza: "Ndugu mtoa hoja, suruali hiyo uliirithi kwa babu yako yupi?" Ukumbi ukacheka. Pili akasema: "Bibi yangu mzaa baba alivaa ngozi, na siku aliyojifunika sana ilimfika magotini. Naomba nijulishwe ni Mzungu gani aliyemfundisha." Hapo waliocheka walikuwa wachache. Tatu akasema: "Tunasoma magazetini kuwa Mmasai anaambiwa avae suruali ili aendelee. Mimi naambiwa nisivae sketi ili nisipotee. Na anayetuambia sote wawili amevaa suti." Hakuna aliyecheka tena. Zikaanza kelele: Aketi! Aketi! Mwenyekiti akagonga meza, lakini aliigonga taratibu, kama mtu asiyetaka isikike.

Alilosema juu ya Wamasai lilikuwa kweli tupu. Mwaka 1967 na 1968 wakuu wa serikali waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache shuka na udongo mwekundu wa kujipaka, wavae suruali, mashati na magauni. Hivyo katika miaka ileile, nchi ileile, Mmasai alionekana aibu kwa kuwa amebaki mno na ya kale, na msichana wa mjini akaonekana aibu kwa kuwa ameyaacha mno. Leo hii picha ya Mmasai mwenye shuka nyekundu tunaibandika kwenye matangazo ya utalii kama alama ya nchi.

Ikaja kura. Mimi nilikuwa nimekubaliana na Mpinzani kwa kila neno. Nilipokuwa nikimsikiliza, kalamu mkononi, nilijiona natikisa kichwa. Mwenyekiti alipouliza nani anaunga mkono hoja, nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikanyoosha mkono. Kura ziliizidi sabini kwa tatu. Na usiku ule, kwenye taa ya chemli, niliandika katika daftari: Mpinzani alizungumza kwa hasira, hakueleweka.

Msomaji, nimefundisha historia muda mrefu, nimewaambia watoto mamia kuwa mwanahistoria mzuri huuliza nani aliandika, na kwa nini aliandika hivyo. Sentensi yangu ile ina maneno matano, na ndani yake mna uongo mara mbili. Hakuzungumza kwa hasira. Alizungumza polepole, kwa sauti ya chini. Na alieleweka. Ndiyo maana alizomewa.

Jumamosi iliyofuata, Mpinzani alipokuwa akirudi kutoka mjini, kundi la wanafunzi wenzetu lilimsimamisha kwenye njia ya kuingilia chuoni. Walikuwa na rula ya ubaoni. Walimpima. Sketi ilikuwa ileile ya kaki, nao wakasema ni fupi, wakafumua pindo lake kwa wembe ili "iongezeke urefu". Mimi nilikuwa dirishani bwenini. Niliona akisimama wima, mikono imeshika kikapu, akitazama mbele hadi walipomaliza. Hakuna aliyeadhibiwa. Jumatatu alikuja darasani na sketi imeshonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine. Tangu siku ile hadi tulipomaliza mwaka 1969, hakusimama tena katika mjadala wowote.

Nilipoanza kufundisha historia, swali lake la kwanza lilinifuata kila mahali. Suruali hii ni ya babu yupi? Nikaanza kuyachunguza mambo tunayoyaita ya asili, moja baada ya jingine.

Nianze na kanga, kwa kuwa kanga ndiyo tuliyoambiwa kuwa kinyume cha kimini, vazi la mama wa Kiafrika tangu enzi. Katika karne ya 19, mtumwa wa kike Unguja alivaa merikani, kitambaa kigumu cha pamba kilicholetwa na meli za Wamarekani kutoka Salem, au alivaa kaniki, kitambaa kilichotiwa rangi ya weusi. Kanga ilitokea mwishoni mwa karne hiyo. Wanawake wa pwani walinunua leso, neno lenyewe likiwa la Kireno, wakaziunga sita sita kupata nguo moja. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza kitambaa kizima chenye kuchapwa marembo hayo, kutoka ng'ambo. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliitupa merikani na kaniki, wakajifunga kanga ili waonekane ni watu huru. Si vigumu kukisia walivyotazamwa na waliokuwa mabwana zao. Kwa hiyo vazi letu la heshima lilikuja kwa meli, na lilipoanza lilikuwa tamko la mtu aliyekataa kuvaa alivyotakiwa avae. Mwaka uleule wa 1968 tuliokuwa tukizomeana juu ya utamaduni, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa Wachina. Kanga ilikuwa haijafikisha umri wa mzee wa miaka mia.

Tuje kwenye wimbo. Taarabu iliingia Unguja katika jumba la Sultani, wakati wa Sayyid Barghash aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ikitokea Misri, ikiimbwa kwa Kiarabu. Kisha akatokea Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika nyumba ya wafinyanzi wenye asili ya utumwa. Alikuwa akitembeza vyungu mjini. Mtu wa hali ile kuimba taarabu, tena kwa Kiswahili, tena mwanamke, lilikuwa jambo la kuchekwa, na alichekwa kweli: kwa ukoo wake, kwa umaskini wake, hata kwa sura yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na zikauzwa pwani yote. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Leo mtu akisema taarabu ya Kiswahili si utamaduni wetu, ataonekana hana akili timamu.

Na chakula je? Mahindi na mihogo vilitoka Amerika, vikaletwa katika pwani zetu baada ya Wareno kuanza kuzunguka bahari. Kabla ya hapo tulikula mtama, uwele, ulezi, ndizi. Palikuwa na mama wa kwanza aliyesonga ugali wa mahindi, akauandaa mkekani, na mumewe akautazama weupe wake akauliza ni kitu gani hiki. Mama yule hana jina katika kitabu chochote. Sisi sote ni wajukuu wa ukaidi wake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kila asiyependwa ana haki. Huo ungekuwa upumbavu wa namna nyingine. Katika orodha ya Operesheni Vijana mlikuwa na dawa za kujichubua, na waliozipinga walikuwa na haki, kwani nyingi katika dawa za aina hiyo zilikuwa na zebaki, na zebaki ni sumu. Tena mpinzani si lazima awe mpenda mapya. Mombasa alikuwapo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Aliwakemea watu wake kwa kuiga Wazungu bila kufikiri, na papo hapo akawakemea kwa kuzishikilia mila za kufuja mali katika harusi na matanga. Aliwaudhi vijana, akawaudhi na wazee. Wala hakumnyoa mtu kwa nguvu. Aliandika gazetini, asiyetaka akalikunja.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Rai ya mtu mmoja, iwe nzuri au mbaya, haina ila ulimi wake. Rai ya wengi ina ulimi, ina rula ya ubaoni, na ina wembe. Kwa hiyo ni wengi ndio wanaohitaji kujichunga zaidi, na si yule mmoja. Sisi tulifanya kinyume.

Ungedhani kuwa mtu aliyeyaona haya dirishani angejifunza mapema. Sikujifunza. Mwaka 1976 nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya sekondari. Wakati ule vijana walikuwa wameingiwa na wazimu wa bugaluu, zile suruali pana chini kama kengele, na viatu vya raizoni. Nilisimama langoni asubuhi na mkasi wa kushonea. Niliikata miguu ya suruali ya mvulana mmoja tangu pindo hadi karibu na goti, wenzake wakishangilia. Kesho yake alikuja mama yake, mwanamke wa makamo aliyeuza karanga stendi ya mabasi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akatoa vipande vya suruali vilivyokunjwa vizuri, akaviweka juu ya meza yangu. "Mwalimu," akasema, "nimekuletea kitambaa chako. Maana nadhani ulikuwa na shida nacho." Hakusema neno jingine. Nilijua bei ya suruali ile, na nilijua karanga ngapi zinauzwa kupata bei hiyo. Vipande vile nilikaa navyo katika droo hadi nilipohamishwa, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuvitupa.

Mkasi niliuacha siku ile. Lakini kuacha mkasi si sawa na kusema kwamba mkasi ni makosa. Hilo sikulisema katika mkutano wowote wa walimu. Wengi wape.

Mwaka 1985 nilikwenda kusahihisha mitihani ya kidato cha nne, na jioni moja kwenye foleni ya chakula nikasikia nyuma yangu: "Ndugu Katibu, bado waandika?" Alikuwa yeye. Alikuwa akisahihisha Kiswahili. Tuliketi pamoja na sahani zetu za wali na maharage. Tulizungumza habari za watoto, za vituo tulivyopangiwa, na za sabuni iliyokuwa adimu miaka ile. Mwishowe nikajikaza, nikamwambia nilivyoandika daftarini.

"Nalijua," akasema. "Lilikuwa maktaba, nikalisoma wiki ileile."

Nikamwambia kuwa jambo la wembe pia linanisumbua, kwamba niliona na sikutoka.

"Wembe ulikata uzi," akajibu. "Uzi nilishona. Lakini nilipokuwa nasema, Mwalimu, nilikuona unatikisa kichwa. Nikajiambia, basi angalau mmoja ananielewa, na ndiye mwenye kalamu."

Nilimwomba radhi. Aliikubali kwa neno moja tu, yamepita, kisha akaongeza akitabasamu: "Ila siku ukipata nafasi, andika upya." Nilimwahidi. Miaka ikaenda, nikawa mkuu wa shule, nikastaafu mwaka 2009, na ahadi ikabaki ahadi. Alifariki kabla sijaitimiza. Daftari lenyewe sijui liliko. Kwa hiyo naandika hapa kile kilichotakiwa kuandikwa Oktoba 1968: Mpinzani alitoa hoja tatu. Hakuna aliyezijibu. Kura ikapigwa, hoja ikapita. Katibu alikubaliana na Mpinzani, akanyoosha mkono pamoja na wengi.

Sasa, je, nimepata ujasiri uzeeni? Nitasimulia jambo la mwisho, msomaji apime mwenyewe. Mwaka jana nilialikwa kwenye mkutano wa wazazi katika shule ya sekondari iliyo karibu na kwangu. Lilizuka suala la nywele za wasichana. Kama ilivyo katika shule zetu nyingi za serikali, hapo pia msichana hutakiwa kunyoa. Baadhi ya wasichana walikuwa wamekutwa wamesuka, wakanyolewa mbele ya wenzao. Mzazi mmoja baada ya mwingine alisimama kuwapongeza walimu, na kila mmoja alitaja maadili ya Kiafrika.

Niliomba nafasi. Nikasema kuwa mimi nimewanyoa wasichana wengi katika maisha yangu ya kazi, na kwa hiyo nazungumza kama mkosaji, si kama hakimu. Nikasema kwamba kama kuna jambo ambalo ni la asili yetu bila shaka, ni kusuka nywele. Bibi zetu walisukana vibarazani na chini ya miembe kabla ya shule yoyote kujengwa hapa, na palipokuwa na msuko palikuwa na hadithi, na ushauri, na utani. Kichwa cha kunyolewa kwa amri nilikiona kwa mara ya kwanza bwenini. Nikasema kama sababu ni chawa, au muda, au gharama, tuseme hivyo, na hizo ni sababu za kujadiliwa. Lakini tusimnyang'anye mtoto jambo la bibi yake kwa jina la bibi yake.

Nilipoketi, palikuwa kimya. Mtu mmoja nyuma alinong'ona, na si kwa sauti ndogo, kwamba uzee ni ugonjwa. Mwenyekiti akashukuru, akapitisha ajenda inayofuata. Kura haikuwa na haja ya kupigwa.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata katibu, mwalimu kijana wa kike, nikamwomba nione alivyoandika. Alishtuka kidogo, akanipa daftari. Palikuwa pameandikwa: Mzee alitoa nasaha.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi sikutoa nasaha. Nilipinga."

Alinitazama, akatazama mlangoni alikotoka mkuu wake, akanitazama tena. Niliitambua ile hali. Nilitaka kumwambia asijisumbue, aiache ilivyo, maana yeye ana kazi ya kulinda na mimi sina. Lakini nilinyamaza. Akachukua kalamu, akakata mstari ule kwa rula, akauliza: "Babu, ile sababu ya bibi ulisemaje? Niambie polepole."

Nikamwambia polepole. Kanuni ya shule haijabadilika hata leo, na wasichana bado wananyolewa. Wengi wamepewa. Ila atakayelifungua daftari lile baada ya miaka hamsini atakuta kwamba palikuwapo mtu mmoja aliyesema vingine, na alichokisema.